Mtoto Aliyeulizwa Mara Moja

Paukwa!

Pakawa.

Mbona sauti za kuumwa? Mmekula kweli leo? Paukwa!

Pakawaaa!

Palikuwa na sahani?

Ilikuwapo!

Na mtoto aliyeketi mbele ya sahani akashinda na njaa?

Alikuwapo!

Basi nyamazeni niwape habari zake. Na ninyi wazazi mlioketi kule nyuma mkijifanya mnachagua mchele, sogeeni mbele. Ngano hii ni yenu kuliko ya watoto.

Hapo zamani za kale, zamani sana, wanyama walipokuwa na shule na kamati na mihuri yao, palikuwa na nchi ya mawe. Mawe juu ya mawe, na juu ya mawe pimbi. Pimbi mnamjua. Mfupi, mnene, mkia hana, lakini adabu anayo ya kugawia wilaya nzima ikabaki.

Kila asubuhi pimbi walitoka mapangoni, wakalaliana juu ya jiwe moja, wakaota jua. Babu chini, wajukuu juu, shangazi pembeni akilalamika kwamba anakanyagwa. Hakuna kazi iliyoanza kabla jua halijaingia mgongoni. Na chakula walikula kwenye sinia moja, wote, mkono huku mkono kule. Hakuna aliyemwuliza mwenziwe kama ana njaa. Ukikaa, unakula.

Hayo ni ya nyumbani. Ukienda kwa watu, kuna sheria.

Mwenyeji anasema, "Karibu chakula." Unasema, "Ahsante, nimeshiba." Hata kama tumbo linalia kama mtoto mchanga, umeshiba.

Mwenyeji anasema, "Karibu bwana, usituonee haya." Unasema, "Ahsante, nimetoka kula sasa hivi."

Mwenyeji anakushika mkono, anasema, "Haki ya Mungu, hutoki hapa mpaka ule!" Hapo sasa unajikuna, unajivuta, unasema, "Haya, nitaonja tu." Halafu unaonja mpaka sinia linang'aa.

Mnacheka? Kwenu hamfanyi hivyo? Haya.

Alikuwapo pimbi mmoja aliyesema ndiyo mara ya kwanza. Maskini alikuwa ametembea siku mbili bila kutia kitu mdomoni. Watoto wakamtungia wimbo, na wimbo ule ukamtangulia kila alikokwenda kuposa. Alikufa hajaoa. Ninyi mnacheka, yeye hakucheka.

Katika nchi hiyo aliishi mtoto wa kike jina lake Mize. Alikuwa na baba, na mama, na bibi mzaa mama. Bibi ndiye aliyemfundisha adabu, akiwa amempakata juani.

"Anayesema ndiyo mara ya kwanza ni nani?"

"Ni mlafi, Bibi."

"Na mara ya pili?"

"Ni mlafi mwenye haya."

"Na mara ya tatu?"

"Ni mjukuu wako, Bibi."

Basi bibi akacheka, akasema huyu hata nikifa leo sina wasiwasi naye.

Siku moja Baba Mize akapata kazi ng'ambo ya milima, katika nchi ya Korongo. Korongo mnawajua, wale ndege warefu wenye taji la dhahabu kichwani. Wanapenda kucheza ngoma. Wakicheza hawaangalii juu, na huko juu kuna tai. Wakataka mtu wa kukaa juu ya jiwe na kupiga kelele tai akitokea. Nyumbani kazi hiyo Baba Mize aliifanya bure maisha yake yote. Lakini alipokwenda kuwaaga ndugu hakusema hivyo. Alisema, "Nimeteuliwa kuwa Mkuu wa Usalama wa Anga."

Ukoo mzima ukaja kuaga. Kila mmoja akatoa agizo lake, huyu aletewe viatu, yule aletewe redio, wa tatu aitwe na yeye nafasi ikipatikana. Hakuna aliyemwuliza Mize chochote. Mize alikuwa amekaa juu ya mizigo, na mizigo ilipohesabiwa akahesabiwa na yeye.

Bibi akabaki kwenye mawe yake. Wao watatu wakapanda milima, wakashuka milima, wakafika.

Kwenye lango la nchi ya Korongo palikuwa na mti, na juu ya mti alikaa Kasuku. Cheo chake Kasuku kilikuwa Mshauri Mkuu wa Watoto Wahamao. Na yeye mwenyewe hajawahi kuhama hata tawi! Alizaliwa juu ya tawi lile, akasomea juu ya tawi lile, na cheti chake akajiandikia juu ya tawi lile. Lakini alisema kwa sauti nene, na wazazi waliotoka safari wanapenda sauti nene.

"Mama Mize," alisema Kasuku, "mtoto kuzoea ni kazi ndogo. Shida ni wazazi. Leteni papai niwaambie la kwanza."

Wakaleta papai. Kasuku akala, akapangusa mdomo.

"La kwanza. Asiote jua tena. Korongo hawaoti jua. Asubuhi asimame kwa mguu mmoja."

"Mguu mmoja?" akauliza Mama Mize.

"Mmoja. Kama angepaswa kusimama kwa yote, ningewaambia yote."

Baba Mize akaitikia kwa kichwa kwa heshima, akasema mtaalamu ni mtaalamu. Basi kila asubuhi, pimbi wa watu, mfupi, mnene, akasimamishwa uani kwa mguu mmoja. Siku ya kwanza akaanguka kushoto. Siku ya pili akaanguka kulia. Siku ya tatu akaanguka kifudifudi, na Baba Mize akasema kuna maendeleo.

Mize akapelekwa shule. Shule ilikuwa nzuri, siwezi kusema uongo. Uwanja mkubwa umefagiwa, kengele ya shaba, madawati yote marefu. Mize alipokaa, pua tu ndiyo iliyoonekana. Na mwalimu wake, Mwalimu Taji, alikuwa korongo mpole kabisa. Alimpokea Mize mlangoni, akainamisha shingo yake ndefu mpaka chini, akamwambia, "Karibu, mwanangu. Hapa ni kwenu."

Lakini nchi ile nayo ilikuwa na adabu yake. Kwa Korongo neno hutoka mara moja. Ukisema ndiyo, ni ndiyo. Ukisema hapana, ni hapana. Kumwuliza mtu mara ya pili ni kumwambia, wewe mwongo. Harusi zimevunjika huko kwa sababu bwana arusi alisema, "Una hakika?"

Sasa mnaanza kuona ninakokwenda. Nyamazeni, msiwaambie wenzenu.

Saa ya chakula ikafika. Mwalimu Taji akaja na sufuria na upawa. Ulikuwa uji mzito wa mtama, na juu yake majani ya kunde. Harufu ikamwingia Mize mpaka kwenye vidole vya miguu.

"Mize, utakula?"

Mize akainamisha macho, kama alivyofundishwa. Akasema, "Ahsante, mwalimu, nimeshiba."

Kisha akangoja. Jibu la pili lilikuwa tayari mdomoni.

"Vizuri," akasema Mwalimu Taji, kwa moyo mweupe kabisa. Na upawa ukapita.

Mize akageuza shingo kuufuata kwa macho. Akajiambia, labda anazunguka, atarudi. Watu wazima wana shughuli nyingi.

Mwalimu hakurudi. Na sheria ya shule ilisema fungu la asiyekula apewe jirani. Jirani yake Mize alikuwa ngiri mdogo wa kike, jina lake Chiku, mdomo mpana, roho nyepesi, tumbo halina mlango. Chiku akapokea vibakuli viwili, akavimaliza vyote, akamwambia Mize, "Rafiki yangu, mimi na wewe tutakaa pamoja mpaka tuzeeke."

Siku ya pili vivyo hivyo. "Utakula?" "Ahsante, nimeshiba." "Vizuri." Na siku ya tatu vivyo hivyo. Chiku akaanza kunenepa.

Lakini bado Mize hakuumia sana, kwa sababu jioni alirudi nyumbani, na nyumbani palikuwa na sinia. Alifika akitupa mfuko mlangoni, akaingiza mikono yote miwili, hakuna aliyemwuliza kitu. Alikula, akashiba, akalala. Kabla ya kulala alimlilia bibi yake kidogo.

Kulia kule kukamtia wasiwasi Mama Mize. Akaenda kwa Kasuku na papai la pili.

"La pili," akasema Kasuku. "Kumbukumbu ndiyo ugonjwa. Bibi asitajwe. Mawe yasitajwe. Mtoto akiuliza kwetu wapi, mwambieni ni hapa."

Basi bibi hakutajwa. Mize akiimba wimbo wa bibi, Baba Mize alikohoa. Mize akiuliza, "Bibi hajambo?" Mama aligeuka akatafuta chumvi. Chumvi ilitafutwa sana katika nyumba ile.

Huku shuleni, Mwalimu Taji aliona mtoto hali. Akatoa taarifa. Ikaundwa kamati, Kamati ya Furaha ya Mwanafunzi Mgeni. Kikao cha kwanza kilichagua mwenyekiti. Kikao cha pili kilibadilisha jina la kamati. Kikao cha tatu kilikuwa cha chakula cha mchana, na kwa kuwa kilikuwa kitamu kikaongezwa siku mbili. Mwishowe wakaandika barua, wakapiga muhuri: Mtoto wenu hapendi chakula chetu. Tunaheshimu uamuzi wake.

Barua ilipofika, Baba Mize akashika kichwa. "Aibu gani hii! Watasema mtoto wa Mkuu wa Usalama wa Anga ana kiburi cha chakula!"

"Labda tumwulize mwenyewe," akasema Mama Mize.

"Mtoto anajua nini? Twende kwa mtaalamu."

Wakaenda na papai la tatu, kubwa kuliko yote.

"Ahaa," akasema Kasuku. "La tatu, na hili ndilo lenyewe. Mtoto hali shuleni kwa sababu ya sinia lenu. Anaweka nafasi tumboni akijua jioni kuna kulalia sinia. Liondoeni! Kila mtu sahani yake, na mtoto aulizwe kama Korongo wanavyouliza. Mara moja tu. Akisema hapana, ondoeni sahani. Atazoea."

"Mara moja tu?" akauliza Mama Mize. Moyo wake ulikuwa umegonga kitu, lakini hakukijua. Adabu ya mara tatu kwake haikuwa adabu ya pimbi. Kwake ilikuwa namna dunia nzima inavyokula. Hakujua kwamba kuna mahali haipo, kwa hiyo hakujua kwamba inaweza kumdhuru mtu.

"Mara moja," akasema Kasuku, na mbegu za papai zikamwanguka kidevuni.

Jioni ile Mize akarudi mbio, akatupa mfuko, akanyoosha mikono. Sinia hakuna. Kuna sahani tatu, moja huku, moja kule, moja mwisho wa meza. Na mama yake amesimama wima, mikono ameikunja kifuani.

"Mize," akasema mama, "utapenda kula?"

Mize akageuka nyuma kumtazama mgeni aliyeingia naye. Hakuona mtu. Akamtazama mama, akaitazama sahani, akaelewa kwamba mgeni ni yeye.

Akainamisha macho. "Ahsante, Mama," akasema, "nimeshiba."

Mama akataka kusema neno, akakumbuka mapapai matatu. "Vizuri," akasema. Akaondoa sahani.

Sasa hapo, wanangu, mtoto hakula shuleni wala nyumbani. Mtaniuliza, majani si yalikuwapo njiani? Yalikuwapo, mazuri, ya kijani. Lakini yalikuwa ya watu, na hakuna aliyemkaribisha. Mjukuu wa bibi yake hali majani ya watu bila kukaribishwa. Alikunywa maji akalala.

Siku moja. Siku mbili. Siku tatu. Manyoya yakaanza kumwanguka. Macho yakawa makubwa. Baba Mize akamtazama siku hiyo ya tatu akasema, "Unaona? Anaanza kuwa mwembamba kama Korongo. Ushauri unafanya kazi!"

Nisamehe, Mungu wangu, lakini wapo wazazi ningewapiga na mwiko.

Asubuhi ya siku ya nne, shule nzima ilisimama mstarini kwa mguu mmoja. Mize akaanguka. Hakuna aliyeshtuka, walishazoea, Mize alikuwa akianguka kila siku na kuinuka akijipangusa. Wakangoja ainuke. Hakuinuka. Wakangoja tena.

Mwalimu Taji akavunja mstari, akamnyanyua kwa mbawa zake mbili, na alipomnyanyua akashtuka kwa wepesi wake. Akamlaza darasani kwenye kivuli. Akatuma watu wawili, mmoja kumwita mama mtu, mwingine kumwita mganga wa shule. Mganga akaja, akamgusa tumbo, akasema, "Huyu haumwi. Huyu ni njaa. Asipokula leo, kesho msiniite."

Uji ukagawiwa, Mize akaulizwa mara moja, akasema ameshiba, kisha kamati ikakutana haraka, na Mwalimu Taji naye akaitwa. Wakaanza kuchagua mwenyekiti.

Huku darasani Chiku alikuwa na msiba wake. Alikula mafungu mawili mawili siku zote hizo, na siku ile tumbo lilimkaza kama ngoma iliyowambwa. Mbele yake palikuwa na kibakuli chake na kibakuli cha Mize, vyote vimejaa. Na sheria ya shule ilisema anayebakiza chakula afagie uwanja mpaka jioni. Na uwanja ule, nimekwambieni, ulikuwa mkubwa.

Chiku akatazama mlangoni. Akasogeza kibakuli mpaka kwenye pua ya Mize.

"We Mize, kula hiki."

"Ahsante, Chiku," akasema Mize kwa sauti ya kusikika kwa shida. "Nimeshiba."

"Kula bwana, usiniletee maringo! Mwalimu akirudi nitafagia uwanja mzima!"

Mize akafumbua jicho moja. Siku ngapi hajasikia mara ya pili? Akasema, polepole, "Ahsante. Nimetoka kula sasa hivi."

"Umekula wapi, wewe? Umekula upepo? Haki ya Mungu, siondoki hapa mpaka ule!"

Mize akainua kichwa. Akajikuna kidogo. Akajivuta kidogo.

"Haya," akasema. "Nitaonja tu."

Akaonja kibakuli cha kwanza mpaka kikang'aa. Akaonja cha pili mpaka kikang'aa. Akatazama kwenye sufuria.

Chiku alipiga ukelele uliosikika mpaka kwenye kamati. "Njooni! Njooni muone! Anakula! Anataka kuulizwa mara tatu!"

Mwalimu Taji akaja mbio. Kamati ikaja mbio, mwenyekiti bado hajapatikana. Lakini aliyewatangulia wote alikuwa Mama Mize. Alikuwa amesimama mlangoni tangu mara ya kwanza, akihema kwa mbio, na amesikia yote matatu. Akakaa palepale kizingitini.

"Mwanangu," akasema, "ulikuwa na njaa siku zote hizi?"

"Ndiyo, Mama."

"Mbona hukusema?"

"Nilikuwa nangoja."

"Ulikuwa unangoja nini?"

"Mara ya pili," akasema Mize.

Mwalimu Taji akainua shingo. "Lakini mimi nilikuuliza! Kila siku nilikuuliza!"

"Mara moja, mwalimu."

"Ningekuuliza tena ningekuwa nimekuita mwongo, mbele ya wenzako!"

"Na mimi ningekubali ningekuwa mlafi," akasema Mize.

Wakatazamana, korongo na pimbi, wote wawili wenye adabu nyingi, na mtoto alikuwa karibu kuzikwa katikati ya adabu hizo.

Mama Mize alikuwa analia, hajifichi. "Mwalimu hakujua," akasema. "Na mimi je? Mimi mama yako? Unakataa chakula cha mama yako?"

Mize akamshangaa. "Mama, uliniuliza kama mgeni," akasema. "Nikajibu kama mgeni."

Mama Mize akanyanyuka, akambeba mwanawe mgongoni, akaenda naye nyumbani. Hakuaga kamati.

Sahani tatu zile alizitoa nje, akawawekea kuku wa jirani maji. Akashusha sinia, akapika sufuria mbili. Baba Mize alipotoka jiweni, akaanza, "Lakini mtaalamu alisema..." Mama Mize akamtazama. Akamtazama tu. Baba Mize akanawa mikono, akakaa.

Mara hodi. Ni Kasuku, na nyuma yake wajumbe wawili wa kamati. Kwa mara ya kwanza maishani alikuwa ameacha tawi lake, maana alisikia mtoto amekula, akaja kuchukua sifa.

"Nilisema atazoea," akasema Kasuku, "na amezoea. Naandika kitabu. Mlango wa kwanza utamhusu Mize."

"Ahsante sana, mshauri," akasema Mama Mize, mtulivu kabisa. "Karibu chakula."

Kasuku akaona hapa ndipo pa kuonyesha elimu mbele ya wajumbe. Amekwisha sikia habari za mara tatu, mji mzima ulikuwa ukizizungumza. Akainamisha macho, akaweka ubawa kifuani, akasema kwa lafudhi ya nchi ya mawe, "Ahsante, Mama Mize. Nimeshiba."

"Vizuri," akasema Mama Mize, akageukia sinia.

Kasuku akangoja. Akakohoa. Akasifu harufu. Akasema safari ilikuwa ndefu. Watu wakala, sinia likang'aa, wakanawa mikono, wala hakuna aliyemsemesha. Akaondoka na njaa yake. Kitabu aliandika, sitawaficha, na watu walinunua, lakini kutoka siku hiyo hakuna pimbi aliyempelekea papai tena.

Tumefika mwisho? Bado. Mmesahau shule.

Kamati, baada ya kupata mwenyekiti, ilipitisha sheria mpya: kila mtoto aulizwe mara tatu, wote, bila upendeleo. Kesho yake Mwalimu Taji akaanza. "Utakula?" "Ndiyo." "Utakula?" "Nimesema ndiyo!" "Utakula?" Mtoto wa kwanza akalia. Wa pili akasema ananitukana huyu. Wa tatu akaenda kumwita baba yake. Alipofika mtoto wa kumi, kengele ikalia, uji umepoa, na hakuna aliyekula ila Chiku, ambaye tumbo lake lilikuwa limepona, na ambaye alijibu ndiyo mara tatu akadai vibakuli vitatu.

Mwalimu Taji akaichukua karatasi ya sheria, akaikunja, akaiweka chini ya mguu wa meza uliokuwa ukicheza. Kisha akaupasha uji moto, akauchota mwenyewe kwa upawa, akaenda mpaka mbele ya dawati la Mize, akainamisha shingo mpaka macho yao yakawa sawa.

"Mize, utakula?"



Mize akafikiri juu ya bibi yake. Akafikiri juu ya yule pimbi na wimbo wake. Neno alilotaka kulisema lilikuwa neno la walafi. Na neno alilotaka kulisema Mwalimu Taji halijasemwa na korongo mwenye heshima tangu korongo waumbwe.

Wakasema wote wawili kwa pamoja.

Mwalimu akasema, "Una hakika?"

Na Mize akasema, "Ndiyo."

Hakuna aliyetukanwa wala aliyetungiwa wimbo. Uji ulikuwa wa moto. Mize akala, na alipomaliza akainua kibakuli mwenyewe, akaomba tena.

Haya basi, funzo lake ni hili, na nalisema wazi ili asiwepo wa kudai hakusikia. Mkimpeleka mtoto katika nchi ya watu, mfundisheni ya huko, lakini nyumbani kwake pabaki nyumbani, asiwe mgeni wa mama yake. Wenyeji nao wasiridhike upesi na neno la mtoto aliyeinamisha macho. Na kabla hamjampelekea mtu yeyote papai, kaeni chini na mtoto mwenyewe mumwulize. Akisema hajambo, mwulizeni tena.

Ngano yangu nimeitua hapa. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa chungu, nirudishieni niitie sukari.